Kengele Uliyoipiga Kabla ya Jua

Baba,

Salamu utapewa na mama, mimi sina. Ameketi hapa mlangoni anachambua mchicha, na ameniambia nikuandikie kwamba hajambo, kuku wanataga, na mvua imekataa tena kushuka huku chini ya mlima Sagalla. Nimeandika. Zamu yake imekwisha, sasa ni yangu.

Jumapili iliyopita tulitoka kanisani, simu yake ikaita, akajitenga nayo kando ya ua kama msichana anayeposwa. Aliporudi alikuwa anatabasamu. "Babako anataka kurudi," akasema. Nilimwuliza amekujibu nini. "Nimemwambia akuulize wewe, Mghoi. Nyumba hii umeijenga wewe." Basi umeniuliza kwa ujumbe wa simu wa maneno mawili, "Naweza kuja?", na mimi nakujibu kwa barua, kwa sababu kwa simu ungenikatiza, au ungelia, na mimi sitaki kukusikia ukilia kabla sijamaliza.

Najua macho yako hayaoni tena maandishi madogo na kwamba atakayekusomea ni ndugu yako. Asome kwa sauti na asiruke mstari. Nimeiacha barua wazi, bila gundi, makusudi, maana nasikia huko kwenu Butere mmeambiana kwamba ulifukuzwa na wakwe zako Wasagalla. Hakuna aliyekufukuza. Anayetaka kuisoma na aisome, hata jirani.

Nianze na kengele, maana kabla ya kuichukia niliipenda kuliko kitu chochote cha utoto wangu. Haikuwa hata kengele. Kilikuwa kipande cha reli kilichofungwa kwa mnyororo kwenye nguzo mbili nje ya ofisi ya shamba la mkonge, nawe ulikuwa na nondo yako, iliyong'aa pale unapoishika. Kwa ajili ya kengele hiyo ulipewa chumba kambini, ukawa unalala huko juma zima na kuja nyumbani Jumamosi jioni. Ulipiga mara tatu kila asubuhi. Ya kwanza saa kumi na mbili, ya wale wa mbali kuanza safari. Ya pili saa kumi na mbili na nusu. Ya tatu saa moja, na hapo lango linafungwa. Aliyefika baada ya hapo alirudi kwao, siku yake imepotea.

Lakini ile ya tatu hukuipiga kwa saa, Baba. Uliipiga kwa macho. Wakati wa likizo nilikuwa nakuja kulala kwako kambini, na asubuhi nilisimama kando yako nikiona unavyofanya. Ulishika nondo ukitazama barabara ya vumbi itokayo kwetu, na ukiona leso za akina mama bado ziko mbali, ghafla kikohozi kilikushika. Kikohozi kikiisha, kamba ya kiatu ilifunguka. Kamba ikifungwa, reli ilikuwa na vumbi, lazima ipanguswe. "Mama Saru bado," uliniambia chinichini. "Huyo ni mja mzito, miguu imefura. Tumpe kidogo." Mwanamke wa mwisho alipopita langoni, mara nyingi alikuwa mama yangu, kwa sababu mama hajui kuharakisha, ndipo ulipopiga. Mimi niliamini kwamba baba yangu ndiye anayeiamuru asubuhi.

Halafu akaja meneja mpya. Simtaji jina, naye hakuwahi kujifunza jina la mtu yeyote wa kwetu. Alitoka ng'ambo, na mwezi wake wa kwanza wa kiangazi aliwakusanya wafanyakazi wote mbele ya ofisi, karani akawa anatafsiri. Alisema kwao, msimu wa joto ukiingia, saa husogezwa mbele, ili mwanga wa asubuhi usipotee bure watu wakiwa wamelala. Kwao nchi nzima hufanya hivyo na hakuna anayelalamika. Kwa hiyo kuanzia Jumatatu saa ya ofisi itasogezwa lisaa lizima, watu wataanza mapema na kutoka mapema, na jioni watapata muda wa kulima mashamba yao. "Anasema jua tuliweke akiba," karani akamalizia. Mama, aliyekuwa akifanya kazi ya kuanika nyuzi, alicheka mbele ya kila mtu. "Tuliweke wapi? Kwenye debe?"

Akiba ya jua, hapa Voi! Sisi ambao jua tungeligawa kwa majirani kama kuna anayelitaka. Lakini watu walicheka siku moja tu. Kwetu saa inahesabiwa kutoka kwa jua lenyewe: likiwa linakaribia kuchomoza ni kumi na mbili, likipanda kidogo ni moja. Ukimwambia mtu ni saa moja asubuhi na nyota bado ziko juu, atakuuliza umelala wapi. Meneja akasogeza mshale kwa kidole, kengele ya saa moja ikawa inalia saa kumi na mbili, kabla jua halijachungulia, na wanawake wa kwetu wakawa wanatoka nyumbani saa kumi na moja.

Wewe hukuyaona yote, maana ulikuwa kambini, kwa hiyo nikueleze saa hiyo ilivyotuharibia nyumba. Mama aliamka jogoo akiwa bado amelala. Uji aliukoroga gizani, mara unaungua, mara ni maji matupu, nami nikaenda nao shuleni tumboni ukiwa vilevile. Mbuzi hakukubali kukamuliwa saa hizo, akampiga teke, tukakosa maziwa. Mama alitoka kazini saa tisa badala ya saa kumi, kweli, lakini saa tisa ya kiangazi, jua linachoma ukosi, nani ashike jembe? Alijilaza chini ya ukuta akisubiri jua lipoe, kama zamani, tofauti ni kwamba alikuwa amekosa usingizi. Kioski cha maji kilifunguliwa kwa saa ya watu wote, kwa hiyo foleni aliikuta palepale. Kila miadi ikawa na swali: saa ya nani? Ya shamba au ya jua? Fundi wa cherehani alimwambia mama aje saa kumi, akaja, akakuta mlango umefungwa, wakagombana, kila mmoja na saa kumi yake. Mwenye duka wetu, yule mzee Mswahili aliyetoka Mombasa, aliulizwa kama naye atafungua kwa saa mpya. Alisema, "Mimi sala zangu nazifuata kwa jua alilolileta Mola. Huyo meneja wenu akiliweza jua lenyewe, aje aniambie."

Nawe Jumamosi jioni ulikuja nyumbani na ile saa ya mkononi. Ndiyo, nimeifikia. Meneja alikupa saa yenye mkanda wa ngozi, ili usikosee wakati mpya, ukaivaa kama pete ya ndoa. Ulidai chakula cha usiku jua likiwa bado limekaa juu ya mlima. Mama alikutazama, mwiko mkononi. "Baba Mghoi, na tumbo nalo limesogezwa mbele?" Tulicheka sote watatu. Nafikiri hiyo ndiyo mara ya mwisho.

Kwa sababu ndovu hawakuletewa notisi. Hakuna mtoto wa upande huu asiyejua kwamba usiku wanatoka mbugani kutafuta maji korongoni na mahindi ya watu, na kwamba wanarudi kwao mwanga ukianza kuenea. Lile lisaa kabla ya jua ni lao. Tumewaachia tangu zamani, hatukuandikiana mkataba. Meneja alilichukua akawapa wanawake wetu kuwa muda wa kutembea.

Mama alikwambia. Nilikuwepo, nikiosha vyombo, na nakumbuka kila neno.

"Si umwambie huyo mtu wenu kuna ndovu njiani?"

"Nitamwambia."

"Utamwambia lini? Juzi tumekimbia mpaka tukapoteza viatu."

"Mama Mghoi, mimi ni mtu wa kengele tu. Tembeeni kikundi. Mpige makopo."

Jumapili iliyofuata alikuuliza tena, ukasema umemwambia, na kwamba meneja atalifikiria. Mama akashukuru. Kumbe hukumwambia, Baba. Nilipokuwa chuoni nilikutana na yule karani mjini Voi, amestaafu, akaninunulia soda, na katika mazungumzo akasema jambo linalomsumbua ni kwamba hakuna mtu hata mmoja aliyepanda zile ngazi tatu za ofisi kumweleza meneja habari ya ndovu. "Hakuwa mtu mbaya," alisema. "Hakujua tu." Nilimwuliza, hata baba? Akatazama soda yake. Hilo mama halijui mpaka leo. Nimelibeba peke yangu, na ni zito.

Sasa ile Jumamosi. Ijumaa nilitoka shule nikaja kulala kwako, kwa sababu asubuhi ya Jumamosi ulikuwa ukininunulia mandazi. Ulipiga ya kwanza, ukapiga ya pili, giza totoro, taa ya lango peke yake ndiyo inayowaka. Kikundi cha wanawake wa kwetu kilifika kikiwa kinahema. Niliwahesabu wakipita chini ya taa na mama hakuwemo. Mama Saru akasema, "Yuko nyuma. Amerudi nyumbani kuchukua shati la mzee." Shati lako la kazi, ulilomtumia salamu alifue. Alikuwa amelisahau kwenye kamba, akawaambia wenzake watangulie.

Nilikwambia, "Baba, ngoja. Mama hajafika."

Uliinua mkono ukausogeza karibu na taa. "Dakika zimeisha."

Nilikushika shati. "Ngoja kidogo. Kama zamani."

Uliuondoa mkono wangu polepole. Hukunisukuma, sitakusingizia. Hukukohoa, hukufunga kamba ya kiatu. Ulipiga.

Mama alikuwa ng'ambo ya korongo. Alikuwa amesimama, kwa sababu alimnusa ndovu kabla ya kumwona, na alijua la kufanya, kama sote tunavyojua: usimame kimya, upepo ukija kwako, mpaka mnyama apite. Angepita. Alikuwa jike na ndama wake, wanarudi kwao. Ndipo kengele ikalia, mama akakumbuka lango, akakimbia. Mara zote hizi ninapomsikia akieleza, hasemi ndovu alimfanyia nini. Anasema, "Niliisikia kengele nikakimbia," kisha anabadilisha mazungumzo.

Alivunjika paja na nyonga. Alirushwa kwenye kichaka cha miba, na miba ndiyo iliyomwokoa, maana yule jike hakumfuata humo. Shati lako liliokotwa juu ya mgunga, bado limekunjwa upande mmoja. Jua lilichomoza muda mfupi baadaye, asubuhi nzuri sana, mlima unaonekana wote. Nilisimama pale nikiwaza kwamba kama ungekohoa tu, Baba. Mara moja.

Juma lililofuata notisi ilibandikwa ukutani, mstari mmoja, kwamba saa ya ofisi imerudi ilivyokuwa. Meneja aliirudisha kwa kidole kilekile. Ilichukua muda kama wa kupangusa vumbi. Mama alikaa hospitalini miezi mitano, mguu umening'inizwa kwa mawe, akatoka na mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake. Wewe ulikuja kumwona mara nne. Ukisimama mlangoni mwa wodi ulitazama dirisha, ukatazama dawa, ukatazama viatu vyako, kila kitu isipokuwa yeye. Mara ya tano ulituma salamu. Kisha kaka yako akafariki huko kwenu, ukaenda kumzika, na mazishi hayo yamekuchukua miaka kumi na minne.

Miaka hiyo nimeipitia bila wewe, kwa hiyo usije ukauliza maswali ya baba. Nimepata hedhi bila wewe, nimefanya mtihani wa darasa la nane nikitoka kumwogesha mama. Vijana wa kijiji waliniita binti wa kengele. Bibi, mama yake mama, alituchukua mpaka alipofariki. Nilisomea ualimu wa chekechea, nikapata kazi shule ya hapahapa mteremkoni, nikajenga nyumba hii ya vyumba viwili. Mlango niliufanya mpana na bila kizingiti, ili mama asijikwae.

Na shuleni, nadhani utacheka, kengele ni kipande cha reli. Mimi ndiye ninayeipiga, kwa sababu walimu wengine wanasema nondo inaumiza mkono. Muhula uliopita mwalimu mkuu alitaka watoto wafike saa kumi na moja na nusu, ili waongeze muda wa kusoma kabla ya masomo. Alisema shule za mjini zote zinafanya hivyo. Nilisimama mbele ya wazazi nikasema hakuna mtoto atakayekanyaga njia ile kabla ya jua nikiwa mimi ndiye mwenye nondo. Aliniuliza mbele yao kama nafahamu maana ya kutunza wakati. Nilimjibu kwamba mimi nimezaliwa na mtu wa kengele. Mama Saru, ambaye mjukuu wake anasoma kwangu, akaanza kupiga makofi, na jambo likafa pale.

Lakini nikuambie kinachoniuma. Kila asubuhi nasimama na nondo nikitazama mteremko, na nikiona sweta za kijani bado ziko mbali, nakohoa. Nafunga kamba ya kiatu. Siku ya kwanza nilipojikuta nafanya hivyo nilikukasirikia upya, kuliko hata hospitalini. Kwa sababu ulikuwa unajua. Meneja hakujua kitu, na asiyejua huchelewi kumsamehe. Wewe uliyenifundisha kwamba kengele inamngoja mtu, ndiwe uliyekataa kungoja, na mtu mwenyewe ni mama.

Nimemwambia mama haya yote isipokuwa lile la ngazi. Tumegombana siku tatu.

"Ile saa ilikuwa kubwa kuliko babako," anasema.

"Mkono ulikuwa wake."

"Na aliyerudia shati ni mimi. Hata mimi utanifungulia kesi?"

Kisha akasema, akiwa ananyoosha ule mguu, "Mghoi, wewe kesho utaolewa. Mimi nataka mtu wa kuzeeka naye anayejua nilivyokuwa natembea." Nilitoka nje.

Basi njoo. Anayekuita ni yeye. Mimi sijakusamehe, na usidhani chai nitakayokupikia ni msamaha. Chai ni chai. Utalala chumba cha nje mpaka mama aseme vingine. Ile saa yenye mkanda wa ngozi, kama bado unayo, iache Butere. Na kabla hujala chakula cha pili katika nyumba hii, utaketi na mama, utamtazama yeye, si viatu vyako, na utamwambia kwa mdomo wako kwamba hukupanda zile ngazi tatu. Akikufukuza baada ya hapo, nitakusindikiza mpaka barabarani. Asipokufukuza, nitanyamaza, ingawa itaniua.

Jambo la mwisho ni la safari, mwambie ndugu yako alisome mara mbili. Basi la usiku linashusha watu Voi saa kumi alfajiri. Najua utataka kupanda boda hapohapo, kwa haraka yako. Usipande. Njia ni ileile, korongo ni lilelile, na wenyewe bado wanapita. Kaa hapo stejini, basi linapokushusha. Kuna mwanamke anauza chai ya tangawizi, kunywa, kaa, usiwe unatazama mkono. Tazama upande wa Sagalla. Ukiuona mlima wote, kuanzia juu mpaka miguuni, ndipo uje.

Mama ameapa atatembea mwenyewe mpaka pale njia yetu inapokutana na barabara kukupokea. Nimemkataza, amekataa. Anatembea polepole, Baba, hujawahi kuona mtu akitembea polepole hivyo. Ukifika kabla yake, ngoja.

Ni mimi binti yako,
Mghoi